Mwivi ya Jakaranda

Hii hautaamini, lakini ilipita kweli pale Kampemba, mu 1993, ile mwaka Lubumbashi yote ilikuwa imeharibika, kazi hakuna, maji mara moja kwa wiki. Kulikuwa muntu alikuwa anaingia kwa kuibia mu lupango ya Gauthier, ndani ya ukuta ya nyumba yake. Hakubeba kintu. Alikuwa anatunza muti.

Ule muti ni jakaranda, mbele ya nyumba kabisa. Gauthier akipata wageni, anabaonyesha ile maua ya mauve, rangi ya zambarau: « Muone jardin yangu, bustani ya kweli. » Lakini muchwa ikaanza kuikula ku shina, matawi ikakauka, na yeye hakujua dawa. Anamwanga maji tu, hata ile ya kupikia.

Sasa kila siku ya Mungu, akitoka ku misa, anakuta mukono ya muntu imepita. Matawi ya kukauka imekatwa. Udongo imelimwa. Shina imepakwa majivu na mafuta ya zamani ya motokari.

Na muti inapona. Ile njo ilimukasirisha zaidi.

« Anafanya kazi kwangu bila kuniomba? Ananizarau. »

« Shi anakusaidia, » muke wake Wivine akasema.

« Nyamaza. Akirudia, nitamuvunja mukono. »

Siku ya Mungu yenye kufuata, hakuenda ku misa. Akajificha nyuma ya mulango na panga. Saa tatu, mama mumoja wa kukonda akapita mu tundu ya ukuta na kajembe. Nguo yake inanuka moshi ya ku gare, kule bantu ya kabila ingine, benye kufukuzwa mu manyumba yabo, balikuwa banalala inje, banangojea treni.

Gauthier akamukamata ku shingo. « Mwivi! Mwivi! »

Kule, ukiita mwivi, quartier yote, mtaa muzima, inatoka na fimbo. Ile siku hakuna mulango hata moja ilifunguka. Mama Mumba, jirani, alikuwa anafula inje. Akabaangalia, akarudia ku nguo yake.

Gauthier akazidi kuwaka. « Miti yote ya mu mji, umeona tu yangu? »

« Niache nimalize, papa. Muchwa ingali ku mizizi. »

« Nani alikutuma? »

« Kitovu ya mutoto wangu iko apa chini, nilizika miye mwenyewe. Muti ikikufa, nitamuambia nini? Treni inaondoka kesho. Utapaka hivi kila wiki, na usimwange maji mingi. »

« Toka kwangu. » Akainua panga.

Mama akaangalia panga, akaangalia nyumba. Kisha akapiga magoti, akaendelea kupaka.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu Gauthier na benzake babomoe mulango ya ile nyumba. Ile siku, bukari, ugali ya ule mama wa kukonda, ilikuwa ingali moto ku meza.

Weye, panga iko mu mukono yako, ungefanya nini?