Tairi Juu ya Bati

Zulekha alilitambua bati lake kwa lile tairi bovu aliloliweka juu, upepo usilibebe. Lilikuwa ndani ya kompyuta ya mpangaji wake, limepigwa picha kutoka angani.

Kijana huyo alitoka Ulaya akapanga chumba kwake, hapa Kariakoo. Kutwa kajifungia, kimya, akiwafanyia kazi mabosi wa kwao kwa intaneti. Zulekha alikuwa amemletea chai ya tangawizi na vitumbua.

Kidole kikabonyeza. Bati la jirani likapigwa X nyekundu. Mshale ukasogea kwenye tairi.

"Hizo X za nini, baba?"

"Nyumba za kubomoa, mama. Mimi natia alama tu."

"Na hilo bati unajua la nani?"

"Sijui. Wanatuma picha, majina hawaweki."

Zamani, mtu aliyekuja na kopo la rangi kupiga X nyumbani kwa baba yake Zulekha naye alisema anatia alama tu. Tingatinga lilipofika, uji ulikuwa bado jikoni. Wakati huo Zulekha alikuwa msichana; harufu ya ile rangi hajaisahau.

Akaitua chai mezani taratibu. Akafunga mlango kwa ndani, ufunguo akautia kifuani.

"Kunywa, mwanangu. Hilo bati ndilo lililo juu yetu; leo humu hatoki mtu."