Nafasi ya Mzazi

"Andika," alisema Mwaringa, akakataa kiti.

Mwalimu Mkuu akachukua kalamu. Shikamoo yake haikuitikiwa, naye hakuirudia. Akaanza kujaza fomu ya mjumbe mpya wa bodi ya shule: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji. Hakuuliza lolote.

Ndivyo walivyo wakubwa, Mwaringa aliwaza. Hawaulizi, wanajiandikia tu. Yeye shule ilimwacha darasa la tatu, akaenda kukokota chumvi Marereni, lakini safari hii wangemsikia. Wazazi walimchagua wenyewe, tena kwa vicheko. Dzombo, fundi baiskeli, alisimama akasema kijiji kizima mwenye ubavu wa kumkemea Mwalimu Mkuu ni mmoja tu, na mnamjua. Uwanja ukaangua kicheko.

Mwaringa hakucheka. Alikitaka kiti hicho cha bodi kwa jambo moja: kumng'oa huyu aliye mbele yake.

Mkewe, Nyevu, alikuwa mpishi wa shule hii hii. Mwaka juzi alianguka jikoni, maharagwe yakiwa motoni. Gari la shule lilikuwa pale pale uani, ufunguo umefungiwa ofisini. Mwaringa alimpigia Mwalimu Mkuu, akapiga tena na tena. Imezimwa. Mkubwa yuko mkutanoni Kilifi. Nyevu alipelekwa hospitali Malindi kwa bodaboda, katikati ya watu wawili waliomshikilia, na hakurudi.

"Kitinda mimba nimemwandika, gredi ya sita," alisema Mwalimu Mkuu. "Kazi niandike mkulima?"

"Andika mgane."

"Hiyo si kazi, baba."

"Ni kazi. Hujaifanya ndiyo maana huijui."

Mwalimu Mkuu akainamisha uso, akaandika mkulima.

"Limebaki swali moja." Alilisoma polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Kuna udugu wowote kati yako na mwalimu mkuu wa shule?" Akainua macho. "Ukiwepo, kiti hupati."

Mwaringa alitazama dirishani. Jikoni kulikuwa kunafuka moshi, na mwanamke mwingine anakoroga sufuria.

"Andika hakuna."

"Niandike hakuna?"

"Huna masikio?"

Kalamu ilielea juu ya karatasi. Kisha ikaandika. Mwalimu Mkuu akapiga muhuri, akageuza fomu, akamwekea kidole mahali pa sahihi. Mwaringa akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda, akahisi kifua kimepanuka. Sasa wangejua yeye ni nani.

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake, ya chini, isiyo ya ofisini tena.

"Leo nitachelewa kurudi nyumbani, baba, usinisubiri. Wali nimeufunika mezani. Na dawa yako ya presha iko pale pale mama alipokuwa akikuwekea."