Fundo Mlangoni

Bwana Shomvi, mwenyekiti wa kamati ya programu ya skauti, aliliahirisha somo la kamba za uokoaji kwa mara ya tatu.

"Lipite kwanza kamati ndogo, Bi Tunu. Watuletee rasimu."

"Na mto nao tuuambie usubiri rasimu?" Tunu aliuliza. "Skauti wangu wanauvuka kila siku kwenda shule. Masika yaliyopita ulimchukua mmoja, sisi tumesimama ukingoni tunapiga kelele tu."

"Poleni sana. Katibu, iingie kwenye kumbukumbu. Jamani, chai inapoa."

Wajumbe wakakusanya makabrasha. Tunu akawatangulia, akatoa kamba mkobani, akakifunga kitasa cha mlango kwenye nondo ya dirisha kwa fundo la somo lile lile waliloliahirisha.

"Watunga somo, tokeni," alisema, akaketi.

Bwana Shomvi alivuta ncha moja, fundo likakaza. Akavuta ya pili, likakaza zaidi. Nyuma yake mjumbe mmoja alipekua kabrasha akitafuta ukurasa.

Mwenyekiti akachuchumaa, jasho likidondokea skafu yake.

"Bi Tunu," alisema bila kugeuka, "hili linaanzia wapi?"