Kigingi cha Nne

Binti alipigilia kigingi cha nne, akavuta kamba hadi ikanyooka ubavuni mwa nyumba yake. Hapo ndipo kingejengwa chumba cha mama, ambacho mama, aliyekuwa akiishi peke yake, alishakikataa mara tatu. Eti atawabana binti na familia yake.

"Msingi tunachimba kesho," binti alimwambia. "Usipohamia, nafugia kuku."

Mama alivua viatu, akaruka kamba na kujilaza chali palipopangiwa kuwekwa kitanda. Miguu ikatokeza nje ya kamba, vidole vikichezacheza.

"Kuku wako wafupi sana, mwanangu."

Akainuka na udongo mgongoni, akang'oa kigingi cha nne na kukisogeza nje hatua mbili.

"Na mlango uwe huku, niwasikie mkinisengenya jikoni."

Binti alishakimbilia kigingi cha tatu, nacho akisogeze.