Zawadi ya Mama Pyo

Kiazi kitamu kilikuwa kimoja tu, cha kuchoma, bado kinafuka mvuke, na Mama Pyo alikiweka juu ya meza ya Tessa.

"Kile kabla hakijapoa, mwanangu," alisema, akapita zake.

Kwenye meza ya pili, Rhona akajifanya anasahihisha madaftari. Roho ilimuuma, jamani! Miaka sita anafundisha Kiingereza kwenye kituo hiki cha tuisheni, miaka sita ya kuimba na watoto wa watu mpaka sauti inakauka, na hata ganda la kiazi hajawahi kuletewa. Huyu Tessa kashuka kutoka Kanada juzijuzi tu, na tayari ni "mwanangu".

Na wala haikuwa habari ya kiazi. Familia nyingi za mji huu wa Gumi zilikuwa zinahamia Seoul, wanafunzi walipungua, na mwezi wa tatu, masomo ya mwaka mpya yakianza, kituo kingebaki na mwalimu mgeni mmoja. Mmoja! Wa kuchagua ni Mama Pyo, mwenye kituo. Rhona hakuwa na cha kurudia kwao Uskoti. Nyumba ya marehemu mama yake ilishauzwa, na kaka yake hapokei simu. Chumba chake cha hapa, juu ya duka la dobi, chenye sakafu ya joto, ndicho alichokiita nyumbani.

"Dada Rhona, mbona huli na sisi?" aliuliza Bo-gyeong, binti wa mapokezi, saa ya chakula. "Njoo uonje kimchi aliyotengeneza Tessa na Mama."

"Aliyotengeneza na nani?"

"Na Mama Pyo, kwake. Si tulikwenda sote? Wewe ulisema kichwa kinakuuma."

Kweli, alisema hivyo. Kila mwaka husema hivyo. Nani anataka kushinda kutwa nzima amechuchumaa kwenye makabichi ya kimchi, mikono imejaa pilipili mpaka viwikoni? Lakini alipomwona Tessa anacheka, mdomo umejaa kabichi, na Bo-gyeong anamfuta shavu kama mdogo wake wa damu, alitamani kuipindua ile meza.

Jioni hiyo alipita nje ya darasa la Tessa, akasimama kusikiliza. Mtoto mmoja alikuwa analia, na Tessa anambembeleza kwa Kikorea, Kikorea chenyewe cha kuokoteza. Rhona akatabasamu. Darasani ni Kiingereza tu, hicho ndicho wanacholipia wazazi, na sheria hiyo kila mtu anaijua.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Pyo.

"Mama, mimi sipendi kumsema mwenzangu," alianza, na akamsema. Akaongeza na chumvi: kwamba ni kila siku, kwamba watoto hawaambulii kitu, kwamba mpaka mzazi mmoja amekuja kulalamika. Hakuna mzazi aliyelalamika.

Mama Pyo alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Mzazi gani huyo?"

"Aliniomba nisimtaje."

"Ahaa. Asante, Mwalimu Rhona. Nilikuwa nasitasita, lakini sasa najua la kufanya."

Rhona alitoka mle ndani amejaa furaha. Usiku ule alilala usingizi mzito, jambo ambalo hakulipata tangu Tessa aje.

Ijumaa Mama Pyo akawaita mmoja mmoja. Tessa alitangulia, akatoka na ndara. Ndara za kuvaa ndani, za rangi ya waridi, zenye sura ya sungura, zile zinazouzwa kwa mafungu sokoni.

"Zangu zilikatika, kumbe Mama aliona!" alisema, akazivaa palepale.

Maskini, Rhona aliwaza. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma kidogo.

Zamu yake ilipofika alikuta boksi juu ya meza. Ndani mlikuwa na viatu vya ngozi, vyeusi, kisigino kifupi, namba yake hasa. Si vya sokoni hivyo.

"Mama! Vya bei yote hii?"

"Umenitumikia miaka mingi." Mama Pyo alimshika mikono yote miwili. "Nilitaka upate vilivyo bora. Mengine tutazungumza Jumatatu. Vijaribu, mwanangu."

Mwanangu! Machozi yalimlengalenga. Kumbe siku zote alikuwa anapendwa, na yeye anajiua bure kwa wivu.

Hakuweza kungoja kufika nyumbani. Alijua viatu vya nje havikanyagi sakafu ya kituo, lakini siku ile nani angemgusa? Akapita navyo kwenye ukumbi, ko, ko, ko, mpaka mbele ya Tessa.

"Umeviona? Kaninunulia Mama."

"Vimekupendeza, dada," Tessa alijibu, bila kijicho hata chembe, na hilo likamchukiza Rhona kidogo.

Afadhali Bo-gyeong. Alipoviona tu aliinuka kitini, akaziba mdomo kwa mkono, na macho yakamjaa machozi. Huyo sasa ndiye mwenye wivu! Rhona akamhurumia kama mkubwa anavyomhurumia mdogo.

"Usilie, mdogo wangu. Na wewe iko siku Mama atakununulia vyako."

"Mimi? Mungu apishie mbali!" Bo-gyeong alizunguka meza mbiombio, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. "Sisi hapa viatu vya nje hatumpi mtu tunayetaka abaki, dada. Ndege yako ni ya lini?"