Panchi Inayong'aa

Meneja wa karakana aliwaambia mafundi wake wawili kwamba atakayekereza panchi bora, ile ya kutilia alama chuma kabla ya kukitoboa, ndiye atakayekuwa fundi mkuu. Sekiete alikereza yake taratibu, akaichoma ncha motoni, akaizamisha kwenye mafuta ili iwe ngumu, ikatoka nyeusi. Mshamu alikereza kipande cha nondo laini, akakipiga msasa tu hadi kikang'aa.

"Kazi ndiyo hii," meneja alisema, akijitazama meno kwenye panchi ya Mshamu. "Yako, mzee, kama kijiti cha mishikaki."

"Zigonge basi, bwana mkubwa," Sekiete alisema.

"Nizichafue?"

Sekiete aliona kinyaa. Aliichukua ile inayong'aa, akaisimamisha juu ya bamba la chuma, akaipiga nyundo moja. Ncha ikabonyea kama mshumaa.

Meneja aliiokota, akaifuta kwa leso, akaigeuza upande uliokuwa bado unang'aa.