Pua ya Fundi wa Waranti

Ngumi ya kwanza ilimpata fundi wa waranti katikati ya pua, akaanguka chali juu ya rundo la manyoya ya kuku.

"Rudia!" Radisav alinguruma, amemsimamia kama fahali. "Rudia ulichosema!"

Fundi alitema damu, akajifuta kwa mkono wa ovaroli, akarudia. "Nimesema waranti yako imekufa, bwana mkubwa. Na wewe si mwenye nyumba, ni mtunza kuku wa mkeo."

Akala ya pili.

Ni kweli Radisav aliichezea mashine yake ya kufulia nguo. Alitoboa pipa lake la ndani, akalipachika vidole vya mpira vya kunyonyolea kuku kila upande. Tangu siku hiyo nguo zilirudi kwenye beseni, lakini kuku aliyechovywa maji ya moto na kutumbukizwa mle alitoka mtupu kuliko siku aliyoanguliwa. Kijiji kizima kilimwonea wivu. Kisha pampu ya maji ikafa.

Radisav aliipigia simu kampuni, halafu akaenda baa, akasimama katikati ya walevi na kutangaza kwamba mashine bado ina waranti, na mabwana wa mjini wasipomletea mpya kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake, watamtambua. Sikukuu yenyewe ilikuwa Jumapili. Ukoo wote ungekuja kula. Banda lilijaa kuku wa kuchinja, na mikono ya mkewe, Persida, ilikuwa imeshaumuka kama mkate kwa kunyonyoa.

Ndipo fundi alipotokea.

"Mota inazunguka?" aliuliza kabla hata ya kuinama.

"Kama shetani! Kilichokufa ni pampu tu."

Fundi alivipapasa vile vidole kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akasimama, akatikisa kichwa. "Umeifungua, umeibadilisha. Waranti hakuna."

Persida ndiye aliyemjibu, beseni la manyoya kiunoni. "Hakuna vipi? Mwanasheria kasema redioni: ukiongeza kitu, waranti haifi hivi hivi. Mpaka kampuni ithibitishe kwamba hicho ulichoongeza ndicho kilichoharibu. Haya, thibitisha! Vidole viko ndani ya pipa, pampu iko chini kabisa. Vimekutana wapi?"

Mtu mwingine angekuna kichwa. Fundi alimgeukia Radisav, akacheka. "Kumbe mwenye nyumba ni mama! Wewe nani, mtunza kuku wake?"

Hapo ndipo ngumi zilipoanza. Na sasa Radisav alikuwa amemkaba shingo, amemzamisha kichwa kwenye maji ya kuchovyea kuku, yaliyopoa yakabaki na mafuta na manyoya. Mbwa alibweka mpaka akakabwa na mnyororo wake.

"Waranti iko hai?"

"Imekufa!"

Akamzamisha tena. "Iko hai?"

"Imeoza!"

Radisav alimtupa chini, akamkanyaga mbavu, akanyoosha mkono na kung'oa shoka kwenye gogo la kuchinjia. Fundi aliliona. Hakukimbia. Aliinua uso tu, damu ikachuruzika kwenye mawe ya ua.

Persida alimrukia mumewe mgongoni. "Radisav! Mgeni huyo! Damu ya mgeni uani kwetu, wiki ya mtakatifu wetu!"

Shoka likabaki hewani.

Katika kijiji kile ungeweza kumpasua jirani kichwa na usiku ukalala fofofo. Lakini mgeni aliyeingia kwa lango lako, tena wiki ya mtakatifu wa nyumba, ukimtoa damu utamridhisha mpaka aseme mwenyewe imetosha, la sivyo hakuna ndugu atakayegusa mkate wa meza yako. Radisav aligeuka mweupe kama kuku wake.

Wakamkalisha fundi kwenye benchi. Persida alimkanda pua kwa kitambaa kilicholowa rakia, pombe kali ya plamu, na glasi yake akampa mkononi. Akashangaa. Pua ilikuwa imepinda zamani, tena kwa pande zote mbili.

"Maskini! Nani mwingine alikuvunja?"

"Kazi ya waranti, mama. Wateja wana hasira."

"Sema utakacho, ndugu yangu," Radisav aliomba, shingo imelegea.

Fundi alimaliza glasi, akafikiri. "Basi kwa ajili ya mtakatifu wenu, nitasema imeharibikia kiwandani. Naondoka nayo leo. Kesho mtaletewa mpya."

Radisav nusura alie. Aliibeba mwenyewe mgongoni hadi kwenye gari jeupe lisilo na maandishi, akarudi na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, akarudi tena na chupa ya rakia.

"Vidole vya akiba vipo?" fundi aliuliza.

"Vya nini?"

"Ushahidi."

Akapewa mfuko mzima. "Imetosha," akasema, na Persida akafanya ishara ya msalaba. Wanaume wakabusiana mashavuni, damu ikabaki kwenye masharubu ya Radisav.

Asubuhi iliyofuata honi ililia langoni. Radisav alikimbia kupokea mashine mpya. Gari lilikuwa na jina la kampuni ubavuni. Akashuka mwanamke wa makamo, kitambulisho kifuani, sanduku la vifaa mkononi, akaomba radhi kwa kuchelewa na kuuliza mashine ya kukaguliwa iko wapi.

Radisav alinyoosha kidole kuelekea pembe tupu ya ua.

Mwanamke alitazama pale palipokuwa na mashine. Akatazama madoa kwenye mawe. Akaliweka sanduku chini polepole.

"Na ninyi pia," akauliza, "mlimpiga kwanza?"